Miti Iliyopandwa na Mafuriko

Kila barabara ya Garsen kwenda Lamu inapofunikwa na maji pale Idsowe, habari huwa ni ileile. Mabasi yamekwama, abiria wamelala njiani, mashua zinavusha watu kwa nauli ya kukomoa, na vijiji vya bondeni vimehamia miinukoni pamoja na mbuzi na magodoro yao. Ilikuwa hivyo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Ikawa hivyo tena mwishoni mwa 2023, na kabla watu hawajakauka vizuri, maji yakarudi Aprili na Mei 2024. Hakuna mkazi wa Tana Delta anayehitaji kuelezwa ubaya wa mafuriko.

Ila ukiufuata mto kwenda juu, baina ya Garsen na Hola, utakuta msitu wa miti mirefu ambao haungekuwepo kama mto huu ungekuwa mpole. Maji yanayokata barabara ndiyo yanayopanda miti. Wapokomo, wakulima wa kingo za mto huu, wanalijua hilo kwa sababu mpunga wao na migomba yao hulishwa na tope lilelile. Sisi wapita njia, tunaolalamika vioo vikiwa vimefungwa, ndio wa kujifunza.

Safari kutoka Malindi huanza kwa chumvi. Ukishapita Gongoni, upande wa bahari kuna marundo meupe na mabwawa yaliyotandazwa hadi kwenye mikoko. Kisha Marereni, kisha Kurawa, halafu bahari inajitenga na barabara na huioni tena. Ardhi inalala tambarare, mashamba ya minazi na mikorosho yanabaki nyuma, na nyika inaanza: vichaka vya miiba, vumbi, ng'ombe wa Waorma wakivuka barabara bila haraka huku mchungaji akiwa kimya nyuma yao. Dereva mgeni hupiga honi. Dereva wa njia hii huzima redio na kungoja.

Pale Minjila njia hugawanyika. Upande mmoja ni Garsen, daraja na Lamu. Upande wa pili ni Hola na, mbele zaidi, Garissa. Wanaoelekea Lamu wamezoea vizuizi vya polisi na misafara ya ulinzi tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, na mizigo yao hukaguliwa. Anayetafuta miti hushika njia ya Hola.

Kwa muda mrefu hakuna cha kuonyesha kwamba uko jirani na msitu wowote. Kuna migunga mifupi, na kuna mathenge. Mti huu wa miiba uliletwa na kuenezwa maeneo kame ya Kenya, na hapa Tana ulipandwa miaka ya 1980 karibu na mradi wa umwagiliaji wa Bura, ili walowezi wapate kuni na kivuli bila kuumaliza msitu wa kando ya mto. Nia ilikuwa njema. Leo mathenge umeziba malisho, umeziba mifereji, umetoboa magurudumu ya bodaboda kutoka Bura hadi karibu na delta, na maganda yake yenye sukari huozesha meno ya mifugo. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo, walioletewa mti huohuo, walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi awe ushahidi dhidi ya serikali. Inachekesha mpaka uone mbuzi mwenyewe.

Basi uko ndani ya mathenge na vumbi, umeshaanza kushuku ramani, ndipo mashariki unaona mstari wa kijani kibichi umelala juu ya upeo. Hauko mbali. Unaacha lami, unashika njia ya udongo kuelekea Wenje, na ule mstari unapanda, unapanda, mpaka unageuka kuwa ukuta. Katika hatua chache unatoka kwenye jua linalochoma kisogo na kuingia mahali penye giza la jioni saa sita za mchana. Hewa inabadilika puani. Ardhi ni laini. Vichwa vya miti huvioni, unaona mashina tu na kamba za mitambaazi zinazopotea juu.

Huu ndio msitu wa kingo za Mto Tana. Miti yake haiwezi kushindana kwa kimo na majitu ya kwingine. Kule California, Marekani, kuna barabara ya kilomita kama 50 inayopita katikati ya misonobari myekundu ya pwani, na mmoja wa jamii hiyo, uliopewa jina Hyperion, unapita mita 115. Kwa jirani zetu Tanzania, mwaka 2016 watafiti walitangaza mti wa mita 81.5 kwenye bonde la Mlima Kilimanjaro, mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Hapa Tana mti wa mita 30 ni bwana mkubwa. Lakini ile miti ya California hunywa ukungu wa bahari, na ile ya Kilimanjaro imezungukwa na mvua ya mlima. Mkuyu wa Wenje umesimama katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 600, na mwaka mbaya hushuka chini ya hapo sana. Kwa mvua peke yake, hapa pangeota miiba tu. Ndiyo maana ukuu wa mti huu sipimi kwa futi; nageuka nyuma kutazama nilikotoka.

Siri iko chini ya miguu. Mto unapopita kwenye udongo wake wa mchanga na tope, maji hupenya pembeni na kukaa ardhini, na mizizi huyafuata. Yanapoishia maji hayo, msitu nao unaishia, mara nyingi kabla ya kilomita moja kutoka ukingoni. Ukitembea kuuacha mto, unapita mikuyu na migama, mikunguma na mikwaju, vichaka vya mikindu penye unyevu, kisha mikoma iliyotawanyika, kisha tena nyika. Umevuka mipaka ya nchi kadhaa bila kuombwa kitambulisho. Na msitu wenyewe haukuungana. Umekatikakatika kuwa vipande vingi kwenye mwendo wa kilomita kama 60 za mto, vingine vikubwa vya mamia ya hekta, vingine vidogo visivyozidi uwanja wa shule.

Wakazi wawili wa msitu huu hawapatikani popote pengine duniani. Wa kwanza ni mbega mwekundu wa Tana, mwenye utosi wa rangi ya kutu, ambaye hukaa juu na hula majani, hasa machanga, pamoja na maua na tini za mkuyu. Hana kidole gumba cha maana, lakini anaruka matawi kana kwamba vidole vinne vilikuwa vingi. Wa pili ni mangabei wa Tana, mwenye manyoya ya kijivu na njano na nywele za kichwani zilizochanuka pande mbili kama aliyepigwa njia katikati. Huyu hupenda chini. Hupekua majani makavu, huvunja kokwa ngumu kwa magego yake, na asubuhi dume hutoa mlio wa kupaa na kugugumia unaosikika mbali kuliko umbo lake. Mtaalamu wa wanyama wa Berlin, Wilhelm Peters, aliwaandika wote wawili katika sayansi mwaka 1879. Makadirio yaliyofanywa katika miongo ya karibuni yanaonyesha kwamba wa kila aina wamebaki wachache sana, na aina zote mbili zimo katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Jambo la kushangaza ni ukoo wao. Ndugu za mbega huyu wako Kibale kule Uganda, wako misitu ya Kongo, wako Udzungwa Tanzania, na yule kima punju wa Jozani, Unguja, ni wa jamii moja naye. Mangabei naye ana ndugu Udzungwa na Kongo. Kati yao na Tana kuna mamia ya kilomita za nyika na mashamba ambamo hakuna mmoja wao angeishi wiki. Wataalamu wa mimea wakiangalia miti ya hapa nao huona mchanganyiko huohuo, mingine ya pwani, mingine ya Kongo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani sana, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, misitu ilitanda kutoka katikati ya Afrika hadi karibu na Bahari ya Hindi. Nchi ilipokauka misitu ikarudi nyuma, na pale mto ulipoendelea kunywesha kingo zake, kipande kikabaki na wenyewe ndani. Kwa hiyo unaposimama chini ya mkuyu wa Mchelelo, kimojawapo cha vipande vya msitu huu, umesimama kwenye ncha ya mashariki ya kitu kilichokuwa kikubwa mno.

Sasa turudi kwenye mafuriko, maana hapo ndipo kisa kilipo. Tana ni mto mrefu kuliko yote Kenya. Unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unazunguka kwa mashariki, na kwa kawaida hufurika mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Mto huu hautulii kwenye kitanda chake. Hula ukingo mmoja na kujenga mwingine, hukata kona, huacha nyuma maziwa yaliyopinda ambayo zamani yalikuwa njia yake. Msitu ulioachwa na mto hufa taratibu kwa kiu, kwa kuwa maji ya ardhini hushuka. Msitu mpya huanza kwenye fungu la mchanga lililotoka juzi majini. Ukiwa mgeni waweza kudhani miti hii ni ya milele. Kumbe ni wahamiaji; humfuata mto, na mto akiwaacha, wamekwisha.

Mfano ulio wazi ni popla ya Tana. Wengi wakisikia popla hufikiria Ulaya yenye theluji, lakini jamii moja yake inaota Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na hakuna popla nyingine ya asili inayofika kusini hivi. Mbegu zake ni nyepesi mno na hazidumu. Zinahitaji mchanga uliolowa, uliotoka majini sasa hivi, usio na magugu wala kivuli, na maji yakishuka taratibu mizizi iyafuate. Yakichelewa, mbegu imekufa. Yakija tena kwa nguvu mapema mno, mche umesombwa. Mti huu ndio ambao mafundi wa mitumbwi huupenda kwa sababu ni mwepesi na unachongeka, na bila mtumbwi kijiji cha ng'ambo hakina soko, hakina zahanati, hakina shule ya sekondari.

Lakini tangu 1968, bwawa la Kindaruma lilipofunguliwa, mto umewekewa hatamu moja baada ya nyingine: Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme wa mabwawa hayo umeiwashia nchi taa kwa nusu karne, na mimi naandika haya kwa huohuo, kwa hiyo sitajifanya kuyalaani. Ila Masinga hasa, bwawa kubwa la akiba, lilibadili tabia ya mto wote wa chini. Mafuriko ya wastani, yale ya kila mwaka yaliyokuwa yakipanda kwa adabu, kulowesha mashamba na kushuka, yamepungua. Yale makubwa ya kupindukia bado yanapita, kwa sababu bwawa likijaa halina la kufanya ila kuyaachia. Mkulima wa Kipokomo amepata hasara pande zote mbili: amekosa maji yaliyomlisha, akabakiziwa yale yanayomfukuza. Mti nao vilevile. Watafiti waliopima misitu ya Tana katika miaka ya 1980 walikwishaonya kwamba uotaji wa miti mipya umefungamana na mafuriko, na kwamba kuyadhibiti ni kuuzuia msitu usizae. Sasa kuna mpango wa bwawa lingine kubwa zaidi, High Grand Falls, ambao umekuwa ukizungumzwa serikalini kwa miaka mingi. Likijengwa, litakalokuwa muhimu kwa watu wa Garsen ni ratiba ya kuyaachia maji, kuliko hata ukubwa wa ukuta. Hakuna kitu kigumu kiufundi katika kuachia mafuriko madogo kwa wakati wake. Kigumu ni kumshawishi anayeuza umeme.

Vijijini, kuanzia Wenje hadi Baomo na Mnazini, msitu si mandhari. Mkindu hutoa ukindu, na ukindu hutoa mkeka, kikapu na tumbi. Kilele chake hugemwa tembo. Mti wenyewe hukatwa kujengea. Na tunda la mkindu ndilo mangabei analolitegemea kuliko karibu chakula kingine chochote. Mtafiti Margaret Kinnaird alilieleza shindano hilo mwaka 1992, mtu na nyani wakigombea mti mmoja, na tangu hapo watu wameongezeka, mkindu haukuongezeka. Mama anayesuka mkeka hana ugomvi na mangabei. Anahitaji ada ya shule, na mkeka unauzika Garsen siku ya soko.

Miti mikubwa ilitoa pia vitu vilivyobeba hadhi. Wapokomo walikuwa na ngadji, goma kuu la mbao lililochimbwa, ambalo wachache tu walioruhusiwa waliliona na wote walilisikia. Lilipolia, nchi ilijua kuna neno. Maofisa wa Kiingereza walilichukua mwanzoni mwa ukoloni, na mwaka 1908 likaingia Makumbusho ya Uingereza, London, ambako limekaa ghalani miaka zaidi ya mia moja. Viongozi wa jadi wamelidai. Ni ajabu ya nchi hii kwamba wimbo wetu wa taifa, ambao kila mtoto wa shule husimama wima kuuimba, ulitolewa sauti yake kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, nao tukaukubali kwa heshima mwaka 1963. Goma la watu haohao tumeliacha kwenye sanduku la wengine.

Msitu wenyewe nao ulitwaliwa, ingawa kwa njia ya upole zaidi. Katika miaka ya 1970 Clive Marsh alikaa huku akichunguza mbega, na mwaka 1976 eneo la kilomita za mraba kama 170 likatangazwa kuwa Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana. Tatizo ni kwamba ndani ya mipaka kulikuwa na vijiji, makaburi na mashamba ya migomba. Miaka ishirini baadaye, 1996, ukaja mradi mkubwa uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia, wenye fungu la utafiti, fungu la maendeleo na fungu la kuwahamisha watu kwa hiari. Neno hiari lilizua maneno mengi. Baadhi ya familia zilihamia upande wa Kipini. Nyingine zilikataa katakata. Mradi ukasitishwa kabla ya kukamilika. Kisha Januari 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria.

Nimewasikia wahifadhi wakiutaja uamuzi huo kama msiba, na nawaelewa: nyani adimu kuliko karibu wote Afrika walibaki bila ua wa kisheria. Lakini ukikaa na wazee barazani husikii wakishangilia kuangamia kwa msitu. Unasikia watu waliochoshwa na kuambiwa kwamba wamevamia mashamba ya babu zao. Mbega wamekuwepo hadi leo kwa sababu Wapokomo hawali nyani, na kwa sababu kuna miti ambayo mzee hawezi kukubali ikatwe. Hakuna askari wa wanyamapori aliyekuwepo karne zote hizo. Ushahidi kwamba wenyeji wanaweza kuulinda msitu upo Ndera, ambako jamii yenyewe ilianzisha hifadhi yake, ikaweka walinzi wake kutoka vijijini na kuamua yenyewe wapi palimwe na wapi pasiguswe. Ina matatizo yake, fedha zikiwa la kwanza, na ufadhili ukiyumba walinzi hawalipwi. Ila ni mpango wa wenyeji wenyewe.

Hatari kubwa ya sasa haina shoka moja la kulaumiwa. Shamba huongezeka hatua kumi kila msimu. Ukingo ukishavuliwa miti humong'onyoka, na mwembe uliopandwa mahali pa mkuyu, japo nao ni mti mkubwa mzuri na maembe ya Tana Delta yanajulikana hadi Mombasa, haumlishi mbega. Vipande vya msitu vikizidi kutengana, mbega aliyezoea matawi hulazimika kushuka chini na kuvuka shamba lenye mbwa. Na wakati wa ukame mkali mifugo huja kwa wingi kutoka mbali, kwa kuwa mto ndio maji pekee.

Hapo lazima kutaja malka. Hizi ni njia za mifugo kushukia mtoni, na kwa Waorma na Wardei ni haki ya zamani kama shamba la Mpokomo lilivyo haki yake. Shamba likiziba malka, au ng'ombe wakiingia mahindini, jambo dogo hugeuka kubwa. Mwaka 2001 damu ilimwagika. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013 ilimwagika vibaya zaidi, Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Walioandika habari wakati ule waliviita vita vya kabila, na siasa za uchaguzi zilikuwemo kweli, lakini asili yake ni ukanda uleule mwembamba wa maji na kijani niliouona kutoka barabarani. Ukiwa na kilomita moja tu ya rutuba katikati ya nyika, kila mtu anaitaka: mkulima, mfugaji, mwekezaji wa miwa, mhifadhi, nyani. Wiki zilezile za Septemba 2012 delta ilikuwa inaorodheshwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, zaidi ya hekta 160,000.

Kurudi Garsen nashauri kufuata upande wa chini, Hewani na Wema, ambako vipande vya mwisho vya msitu vinachungulia juu ya mashamba ya mpunga. Mbele ni Gamba, palipojengwa tuta na mifereji ya mradi wa mpunga wa mamlaka ya TARDA, ambao El Niño ya 1997 iliuchana. Vipande vya msitu vilivyozungukwa na mradi huo vina mbega na mangabei hadi leo. Golbanti kuna makaburi ya wamishonari wa Kimethodisti waliouawa 1886. Ngao kuna kanisa la Wajerumani wa Neukirchen waliofika 1887. Kipini mto unakutana na bahari, na hata hapo si mdomo wake wa asili, kwani mfereji wa Belezoni uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi uliupendeza mto kuliko njia yake, ukahamia huko.

Anayetaka kwenda aende Januari au Februari, ama Agosti hadi Septemba, njia za udongo zikiwa zimekauka. Gari liwe la juu. Matatu za Hola zitakushusha njia panda na bodaboda itakupeleka ndani. Piga hodi kwa chifu au ofisi ya wanyamapori kabla ya kuingia, kwa sababu za usalama na za adabu. Chukua kijana wa kijiji akuongoze, na mkubaliane malipo mapema. Bila yeye utaona miti na kurudi. Yeye husimama ghafla, huinua kidole, na pale ambapo wewe uliona matawi tu kuna kundi zima la mbega limekaa likikutazama. Vaa suruali ndefu, beba maji mengi kuliko unavyodhani, na usikae ukingoni mwa mto kupiga picha, mamba wa Tana wana subira.

Mwongozaji huyo mlipe vizuri. Kuna msimu ambao mtu mwenye pesa taslimu hufika Wenje kununua gogo la kuchonga mtumbwi au mti wa kuchoma mkaa, naye halipi mwisho wa mwezi wala haandiki ripoti. Kijana akiwa na mapato ya kuonyesha miti iliyosimama, ana jibu la kumpa.